Ilimu ya Mfukoni na Ilimu ya Kifuani

Darsa kwa wanafunzi, wazee wao na walimu wao

DIBAJI

Amma baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu: Fahamu, ndugu msomaji, kwamba jambo tulilokusudia kulieleza katika kijitabu hiki ni jambo linaloonekana katika kila nyumba, lakini ni wachache walitiao maanani. Simu ya mkononi imeingia majumbani mwetu, na vyuoni mwetu, na skulini mwetu, ikawa ndiyo saa, na ndiyo kamusi, na ndiyo mwalimu, na mara nyingi ndiyo mchezo. Mwanafunzi akiulizwa suala hafikiri kwanza. Mkono wake hutangulia mfukoni. Na mzee amwonapo mwanawe ameinamia kioo mpaka usiku wa manane, hajui amshukuru kwa bidii yake au amnyang'anye.

Hatukukusudia kukiharimisha chombo hiki, wala hatukukusudia kukisifu. Chombo hakina sifa wala lawama ila kwa kazi kinayofanyiwa. Tulilokusudia ni kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kuifikia ilimu na kuwa nayo. Simu imefanya wepesi mkubwa katika lile la kwanza. Ama lile la pili, wepesi huo huo waweza kuliharibu, na mwenye kuharibikiwa asijue mpaka siku atakapohitajiwa.

FASILI YA KWANZA
Kisa cha al-Ghazali na wanyang'anyi

Katika tarjama ya Imamu al-Ghazali aliyoiandika Taj al-Din al-Subki mna kisa ambacho wanavyuoni wamekisimulia kwa karne nyingi. Al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika nchi ya Khurasani mwaka 450 wa Hijra, nao ni mwaka 1058 wa Miladi, alisafiri katika ujana wake mpaka Jurjan kutafuta ilimu. Akakaa huko akihudhuria darsa na kuyaandika aliyoyasikia. Alipokuwa njiani kurejea kwao, wanyang'anyi wakaushambulia msafara wakachukua kila kitu. Al-Ghazali akamfuata mkubwa wao, akamsihi amrejeshee karatasi zake tu, kwani wao hawana faida nazo, na yeye amezihamia nchi kwa ajili ya ilimu iliyomo ndani yake. Yule mnyang'anyi akacheka. Akamuuliza vipi atadai kuwa aijua ilimu hiyo, na hali wao wamemchukulia karatasi zake naye akabaki hana kitu. Kisha akaamuru arejeshewe.

Al-Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni mawaidha ambayo Mungu ameyatamkisha kwa ulimi wa mtu yule. Akarejea Tus, akashika miaka 3 kuyahifadhi yote aliyoyaandika, hata akawa katika hali ambayo lau angenyang'anywa tena, asingepotelewa na ilimu yake.

Basi zingatia, msomaji. Al-Ghazali hakuwa mvivu. Alikuwa amesafiri, amesikiliza na ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Na juu ya hayo yote, ilimu yake ilikuwa bado iko katika mzigo juu ya mnyama. Itakuwaje hali ya mwanafunzi wa leo, ambaye hakusafiri wala hakuandika, bali amepiga picha ubao wa mwalimu kwa simu yake, na picha ile hataifungua tena? Suala la mnyang'anyi ladumu mpaka leo: simu hii ikizimika sasa hivi, nimebakiwa na nini?

FASILI YA PILI
Vipi ubongo hushika ilimu

Wataalamu wa leo wamehesabu chembe za fahamu zilizomo katika ubongo wa mwanadamu, wakakuta ni kama bilioni 86. Chembe hizi hupelekeana khabari, na baina yake mna maungano yasiyohesabika. Mtu anapojifunza jambo, baadhi ya maungano hayo hupata nguvu. Na kila alirudiapo jambo hilo kwa juhudi, nguvu hiyo huzidi. Mfano wake ni njia ya shambani: ikipitwa kila siku hubaki wazi, na ikiachwa humea nyasi mpaka isijulikane ilikopita.

Lakini kabla ya ilimu kufika huko ndani, yapita katika mlango mwembamba. Mlango huo ni fikira ya wakati uliopo, ile mtu anayoitumia kushika hesabu kichwani au kufuata maneno ya mwalimu. Mtaalamu Nelson Cowan, katika mwaka 2001, alizikusanya khabari za uchunguzi mwingi akahukumu kwamba mlango huu hupokea kama vitu vinne tu kwa mara moja. Basi mwenye vingi vilivyokwisha kuhifadhika ndani hupata nafuu kubwa. Mtoto anayeanza kusoma huona herufi moja moja, na neno moja tu huujaza mlango wake. Mjuzi wa kusoma huliona neno zima kwa mara moja, akabakiwa na nafasi ya kufahamu maana. Na kwa sababu hii ni kosa kusema, "Kuna haja gani ya kuhifadhi, nami naweza kutafuta?" Asiyekuwa na kitu ndani hawezi kufahamu vizuri akipatacho nje, wala hawezi kupambanua kilicho kweli na kilicho uwongo.

Tena lipo jambo la ajabu kuhusu kuhifadhi. Katika mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi ya habari wanafunzi walizisoma mara mbili. Baadhi yake walizisoma mara moja, kisha wakafunga karatasi na kuandika kila walichokikumbuka. Walipojaribiwa baada ya dakika 5, zile zilizosomwa mara mbili zilikuwa mbele kidogo, sehemu 81 katika 100 kwa 75. Lakini walipojaribiwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: zilizosomwa mara mbili zimebaki sehemu 42, na zile zilizotolewa kichwani zimebaki sehemu 56. Na katika jaribio lao jingine, wale waliorudia kusoma tu ndio waliokuwa na tamaa zaidi kwamba watakumbuka.

Maana yake ni kwamba kuiona ilimu mara nyingi humpa mtu dhana kuwa anayo. Na kuitoa kichwani kwa taabu ndiko kunakoikaza. Ile taabu ya kukumbuka, ambayo mwanafunzi huikimbia, ndiyo kazi yenyewe.

Na kazi hiyo huacha athari katika mwili. Madereva wa teksi wa London hawapewi ruhusa mpaka wahifadhi kama njia 25,000 za mji ule, na wengi huchukua miaka 3 au 4. Bibi Eleanor Maguire na mwenziwe Katherine Woollett waliwafuata wanafunzi 79 wa kazi hii, wakawapiga picha za ubongo mwanzo na mwisho. Katika khabari waliyoitoa mwaka 2011 walieleza kwamba wale 39 waliofaulu ilikuwa imeongezeka sehemu ya nyuma ya hipokampasi, nayo ni kipande kilichomo ndani ya ubongo kinachohusika na kukumbuka. Wale wasiofaulu haikuongezeka. Basi ubongo wa mtu mzima nao hujengeka kwa mazoezi kama mkono wa mpiga makasia.

FASILI YA TATU
Simu iliyo mezani

Ikiwa mlango wa fikira ni mwembamba namna hii, yampasa mwanafunzi aulinde. Simu haiulindi. Hulia, huwaka na hutikisika. Na kila inapoita, fikira hutoka darsani ikaenda kutazama, kisha yahitaji muda kurejea pale ilipokuwa. Watu husema kwamba vijana wa leo waweza kufanya mambo mawili pamoja. Hakika yake ni kwamba ubongo huacha moja ukashika la pili, kisha ukarudi, na kila mrudio una hasara yake. Mwenye kusoma huku akijibu salamu za WhatsApp amesoma nusu na ameongea nusu.

Hata simu iliyonyamaza imetiliwa shaka. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenziwe huko Marekani waliwapa watu mitihani ya fikira. Baadhi yao simu zao ziliwekwa mezani kifudifudi, baadhi zilikuwa mfukoni au katika mkoba, na baadhi ziliachwa chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioziacha chumba kingine, ijapokuwa wengi walisema kwamba hawakuwa wakizifikiri. Ni haki kueleza pia kwamba wengine waliorudia uchunguzi wa namna hii wamepata tafauti ndogo, na wengine hawakuipata. Lakini mwenye hekima hangoji wataalamu wamalize kujadiliana ili aiweke simu chumba kingine. Kwani kuiweka huko hakumgharimu kitu, na kuiweka mezani huenda kukamgharimu darsa.

FASILI YA NNE
Jawabu ya kuazima

Tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, kumekuwa na fitina kubwa zaidi ya hiyo, nayo ni mashine za akili bandia, au akili mnemba kama wengine waziitavyo. Zamani aliyetafuta jawabu katika mtandao alilazimika walau asome na achague. Sasa mwanafunzi huandika suala lake, akapewa jawabu lililokwisha kupangwa, lina mwanzo na mwisho, akalinakili akaenda zake.

Katika nchi ya Uturuki, mwaka 2023, wataalamu walifanya uchunguzi katika skuli ya sekondari, nao ulichapishwa mwaka 2025. Karibu wanafunzi 1,000 walifundishwa hisabati, kisha wakafanya mazoezi katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitumia vitabu na madaftari tu kama desturi. Kundi la pili lilipewa mashine inayojibu kila iulizwalo. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyotengenezwa kwa msaada wa walimu, ambayo humwongoza mwanafunzi kwa ishara wala haimpi jawabu.

Wakati wa mazoezi, wenye mashine walionekana hodari. Kundi la pili liliwapita wa desturi kwa sehemu 48 katika 100, na kundi la tatu likawapita kwa sehemu 127. Lau mzee angeyatazama madaftari siku ile angefurahi mno. Kisha mashine zikaondolewa, wakapewa mtihani kila mtu peke yake. Hapo kundi la pili likashindwa na wale wa desturi kwa sehemu 17 katika 100. Kundi la tatu lilikuwa takriban sawa nao. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba wale wa kundi la pili hawakutambua kuwa wamepungukiwa.

Hili ndilo jambo tunalolihofia kwa watoto wetu. Daftari limejaa alama nzuri na kichwa ni kitupu, na mwenye kichwa hana khabari. Katika chumba cha mtihani simu haiingii. Na baada ya mitihani ya skuli iko mitihani ya dunia. Muuguzi aliye peke yake usiku hukadiria dawa ya mtoto mchanga. Fundi huhukumu kama ukuta utachukua dari. Imamu huulizwa suala la mirathi na watu wamekaa mbele yake wamngoja. Watu hawa wana haki ya kutazama vitabu vyao, lakini asiye na msingi kifuani hatajua hata atazame wapi, wala hatashtuka akipewa jawabu la makosa.

FASILI YA TANO
Kusoma katika kioo, na usingizi

Mambo mawili tutayapitia kwa ufupi. La kwanza ni kusoma. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenziwe walikusanya khabari za uchunguzi 54, wenye wasomaji zaidi ya 170,000, wakakuta kwamba maandishi yale yale hufahamika zaidi kidogo yakisomwa katika karatasi kuliko katika kioo, hasa yakiwa ni ya mafunzo na wakati ukiwa ni mchache. Ada ya kioo ni kupitisha macho upesi, na mtu huwa na ada ile ile hata asomapo jambo la kutulia.

La pili ni usingizi. Usingizi ni wakati ubongo unapoyapanga na kuyakaza yaliyosomwa mchana, kwa hivyo mwenye kukesha ili asome hubomoa alichokijenga. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 na Anne-Marie Chang na wenziwe, watu 12 walilala mahali pa uchunguzi, wakisoma saa 4 kabla ya kulala, mara kwa siku 5 katika kioo chenye mwanga, mara kwa siku 5 katika kitabu cha karatasi. Waliposoma katika kioo, homoni ya melatonini, iuambiayo mwili kuwa usiku umeingia, ilipungua sana. Walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10, na asubuhi waliamka wazito zaidi. Watu hao walikuwa wakisoma kitabu tu. Ama kijana anayetazama michezo na mabishano ya watu, moyo wake nao huamka pamoja na macho.

FASILI YA SITA
Hoja ya wenye kupinga, na jawabu yake

Huenda mtu akasema: "Maneno haya ni ya kale. Maandishi nayo yalipokuja yalilaumiwa kuwa yatawasahaulisha watu." Na kweli yalilaumiwa, katika kitabu cha Phaedrus cha Plato wa Uyunani mna kisa cha mfalme wa Misri aliyemwonya mwenye kuvumbua maandishi. Lakini maandishi yamehifadhi ilimu, na hata lawama hiyo imetufikia kwa maandishi. Kadhalika simu imewafikishia vitabu watu waliokuwa hawana maktaba, na imewasomea maandishi wasioona. Hatulikatai hilo, na anayelikataa hana insafu.

Jawabu yetu ni kwamba wazee wetu walitumia maandishi, lakini waliyafanya ngazi ya kupandia. Tazama desturi ya vyuo vya pwani yetu. Mtoto huandikiwa sehemu yake juu ya ubao, akaisoma na kuikariri mpaka imkae. Akishaihifadhi, ubao huoshwa, akaandikiwa sehemu nyingine. Maandishi yalifutwa yalipokwisha kazi yake, nayo ni kuitia ilimu kifuani. Simu yetu haioshwi. Huweka kila kitu, na kwa sababu imeweka, mwenyewe hajishughulishi.

Wala hatusemi kwamba kuhifadhi peke yake kwatosha. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoimaliza mwaka 1377, aliwataja wanafunzi wa Maghribi waliokaa madrasani miaka 16, na hali wa Tunis walikaa miaka 5. Akawalaumu baadhi ya wale wa miaka mingi kwamba walihudhuria darsa kimya, wakashughulika na kuhifadhi kupita kiasi, wala hawakujadiliana. Ndipo wakakosa malaka, nayo ni ule uwezo wa kuitumia ilimu. Kwa rai yake, njia nyepesi ya kuipata malaka ni kuulegeza ulimi katika majadiliano. Tena akaeleza kwamba wingi wa muhtasari hudhuru mafunzo, kwani humpa anayeanza mwisho wa mambo kabla hajawa tayari kuyapokea. Na muhtasari wa mashine, unaotolewa kabla mtu hajasoma kitabu, waingia katika lawama hiyo.

FASILI YA SABA
Yatupasayo kutenda

Kwanza: Wakati wa kudurusu, simu iwekwe chumba kingine, au ipewe mzee. Saa moja iliyotulia ni bora kuliko saa tatu zilizokatika katika.

Pili: Ukipata suala, jaribu kwa akili yako kwanza, hata kama utakosea. Kisha ndipo utafute. Jawabu lililotanguliwa na juhudi hukaa. Lililokuja bure huondoka bure.

Tatu: Ukimaliza kusoma, funga kitabu, useme au uandike ulichokipata, kisha ufungue ujisahihishe. Rudia hivyo kesho, na baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Nne: Ukilazimika kutumia mashine ya akili bandia, iombe ikuulize masuala, au ikuoneshe pale ulipokosea, usiiombe ikufanyie. Na lolote ikuambialo lipime kwa kitabu au kwa mwalimu, kwani hukosea nayo imejiamini.

Tano: Maandishi marefu ya mafunzo yasome katika karatasi ukiweza. Na simu ilale saa moja kabla yako.

Sita, kwa walimu: Waulizeni wanafunzi kwa kinywa. Kazi iliyoandikwa nyumbani yaweza kuwa ya mwingine. Lakini mtoto akisimama akaeleza, hujulikana papo hapo kilicho chake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika skuli za msingi na za kati, na nchi nyingine zimefuata. Lakini marufuku ya skulini haitamfaa mtoto ambaye nyumbani hakatazwi wala hafundishwi.

Saba, kwa wazee: Mtoto huiga akionacho. Baba anayekula chakula huku akitazama simu, akamwambia mwanawe aache simu, amemfundisha mambo mawili, na la pili mtoto hatalishika.

KHATIMA

Basi haya ndiyo tuliyotaka kuyakumbusha. Simu ni ghala kubwa, na ghala lina faida. Lakini chakula kilichomo ghalani hakimshibishi mtu mpaka akile. Enyi vijana, msiikimbie taabu ya kukumbuka, kwani taabu hiyo ndiyo inayowafanya muwe wajuzi. Na enyi wazee na walimu, msidanganywe na daftari zuri. Mwulizeni mwenye daftari.

MASUALA YA KUJIPIMA
(Funga kijitabu, ujibu kwa kinywa, kisha ufungue ujisahihishe. Wafundishao wawaulize wanafunzi wao baada ya wiki moja.)

1. Mnyang'anyi alimwambia nini al-Ghazali, naye alifanya nini kwa miaka 3?
2. Kwa nini mwenye ilimu kifuani hufahamu upesi kuliko asiyekuwa nayo?
3. Yapi yalitokea baada ya dakika 5, na yapi baada ya wiki moja, katika uchunguzi wa mwaka 2006?
4. Kwa nini kundi la pili la Uturuki lilikuwa hodari katika mazoezi likashindwa katika mtihani? Na kwa nini kundi la tatu halikushindwa?
5. Kwa nini ubao wa chuoni huoshwa?
6. Ibn Khaldun aliwalaumu wanafunzi gani, na kwa sababu gani?
7. Simu yako ikizimika sasa hivi, ni darsa gani uwezalo kuisomesha mwanzo mpaka mwisho?